Droni zenye mifumo rudufu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Tanga na mwambao wake

Maswali haya yamekusanywa karakanani na kwenye mafunzo ya marubani wa droni hapa Tanga. Waulizaji ni wapiga picha za harusi, vijana wa upimaji ardhi, wasimamizi wa mashamba ya mkonge na wanaopuliza dawa kwenye michungwa. Mengi huulizwa baada ya droni kuanguka, machache kabla. Droni tunazozisemea ni zile za propela nyingi, zinazopaa na kutua wima. Namba ya swali lingine ikitajwa ndani ya jibu, rukia huko, maana hatutarudia.

## Mambo ya msingi

1. Mfumo rudufu ni kitu gani hasa?

Ni kuwa na kitu cha pili au cha tatu kinachofanya kazi ileile, kikiwa tayari muda wote droni iko hewani, ili cha kwanza kikifa safari isife nacho. Betri iliyo kwenye begi si rudufu, hiyo ni akiba. Propela zilizo kwenye buti la gari ni vipuri. Rudufu iko ndani ya ndege, imeunganishwa, inasomwa, na inaweza kushika kazi kabla rubani hajajua kuna tatizo.

Ili ifanye kazi inahitaji mambo matatu: kifaa chenyewe, namna ya kugundua kwamba cha kwanza kimeharibika, na namna ya kuhamisha kazi. Watu hununua kifaa, wanasahau hayo mengine mawili. Droni nyingi "zenye kila kitu viwili" tulizozifungua ziliangukia hapo.

2. Mbona ndege ya abiria injini ikizima inaelea, droni inaporomoka?

Ndege ya mabawa ikizimikiwa injini bado ina mabawa. Inapoteza kimo taratibu na rubani anatafuta pa kutua. Helikopta ina mapanga marefu yanayobadilishwa pembe, na hewa inayopanda wakati inashuka huendelea kuyazungusha mpaka iguse ardhi. Droni haina hili wala lile. Propela zake ni fupi, pembe yake haibadiliki, na kinachoishikilia juu ni kompyuta kuongeza na kupunguza kasi ya kila mota mara mamia kwa sekunde. Kompyuta ikisita nusu sekunde, droni imeshapinduka.

Wengine husema droni haina abiria, kwa hiyo hasara ni ya mwenyewe. Tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya kamera za televisheni iliangukia theluji nyuma kidogo tu ya Marcel Hirscher, akiwa katikati ya mashindano ya kuteleza. Haikumgusa. Badala ya mtu mmoja anayekimbia mlimani, weka uwanja wa harusi wenye watu mia tatu waliokaa kwenye viti, wakitazama juu na kupunga mikono.

3. Mimi nina droni ndogo ya kukunja ya kupigia picha. Ina rudufu yoyote?

Huenda ina kiasi. Phantom 4 ya mwaka 2016, droni ya kamera ya kampuni ya DJI, kwa mfano, ilikuja na IMU mbili na dira mbili. (IMU ni kile kifurushi cha vihisi kinachopima mzunguko na mchapuko. Ndicho kinachoiambia kompyuta kama droni imelala au imesimama sawa.) Lakini ilikuwa na mota nne na betri moja, kama ilivyo kwa droni nyingi za ukubwa huo. Kwa hiyo kihisi kikiharibika unaweza kuokoka. Mota ikizima, tazama swali la 6. Betri ikizima, la 9.

4. Kwa nini mnasema vitatu? Viwili havitoshi?

Vihisi viwili vikitofautiana, kompyuta inajua kuna mwongo ila haimjui ni yupi. Kimoja kinasema tumeinama nyuzi 2, cha pili kinasema 20. Amwamini nani? Vikiwa vitatu, viwili vinavyokubaliana vinashinda kura.

Ila kura si njia pekee. ArduPilot, programu inayotumika kwenye droni nyingi za kuunda, huendesha hesabu kamili ya mwendo kwa kila IMU peke yake, kisha hulinganisha kila hesabu na mashahidi wa nje: GPS, dira, kipima kimo cha hewa. Hesabu inayopishana sana na mashahidi huachwa, na kazi huhamia kwa nyingine. Hapo hata IMU mbili zinasaidia, alimradi mashahidi wawe wazima.

5. Kifaa kimoja kikifa mara moja kwa safari elfu, viwili si vitakufa pamoja mara moja kwa safari milioni?

Kwa karatasi, ndiyo. Elfu mara elfu ni milioni. Hesabu hiyo inasimama pale tu kifo cha kimoja kisipohusiana kabisa na kifo cha mwenzake, na kwenye droni hilo ni nadra. Vyote viwili vinakula umeme wa waya mmoja, vimefungwa kwenye fremu inayotikisika kwa pamoja, vinapigwa na jua lilelile na chumvi ileile.

Tuseme kuna sababu moja inayoviua vyote viwili kwa pamoja, mfano plagi ya umeme kulegea, na inatokea mara moja kwa safari elfu kumi. Basi hatari yako ni hiyo ya elfu kumi, milioni isahau. Ndiyo maana tukiletewa droni swali letu la kwanza huwa "vinashirikiana nini?" Habari ya "ina ngapi?" inakuja baadaye.

## Mota, propela na betri

6. Droni ya mota nne ikipoteza mota moja, inaokoka?

Kwa programu za kawaida, haiokoki. Mota mbili huzunguka kufuata mshale wa saa na mbili kinyume chake ili droni yenyewe isizunguke. Ukiondoa moja, upande huo unazama na mizani ya mzunguko inavunjika kwa wakati mmoja.

Kitaalamu inawezekana. Mwaka 2014 watafiti wa ETH Zurich walionyesha droni ya mota nne ikiruka baada ya kupoteza propela moja, mbili, hata tatu. Siri yake ni kuacha kupigana na mzunguko: droni inaruhusiwa ijizungushe kwenye mhimili wake, na kompyuta inaiongoza ikiwa vivyo hivyo. Mwaka 2021 wenzao wa Chuo Kikuu cha Zurich waliifanya bila GPS, wakitegemea kamera iliyo kwenye droni. Kwenye bidhaa za sokoni, DJI Matrice 300 RTK ya mwaka 2020 ilikuja na uwezo wa kutua kwa dharura kwa propela tatu. Kutua, si kuendelea na kazi. Ukiona inajizungusha, usiipiganie kwa rimoti. Iache ishuke na watu waondoke chini yake.

7. Nichukue mota sita au nane?

Mota sita zinakuokoa zaidi ya nne, ila zina kasoro isiyosemwa dukani. Kwenye mpangilio wa kawaida, mota zinazotazamana zinazunguka pande tofauti. Moja ikifa, kompyuta hulazimika kupunguza sana ile ya upande wa pili ili droni isiiname, na uwezo wa kushika uelekeo unapotea au unapungua sana. Droni inabaki juu, inaweza kushuka, lakini inaweza kuzunguka polepole ikishuka.

Nane ndizo zinazokupa nafasi ya kupumua. Zipo za mikono minane, na zipo za mikono minne yenye mota juu na chini. Hii ya pili ni fupi, inaingia kwenye buti la gari na kwenye bodaboda ukiifunga vizuri, lakini propela ya chini inafanya kazi kwenye hewa iliyokwisha kuvurugwa na ya juu, kwa hiyo unalipia kwa dakika za betri. Sisi kwa kazi za juu ya watu tunapendelea hii ya juu na chini. Kwa upimaji wa mashamba ya mkonge, ambako chini hamna mtu, sita zinatosha.

Jambo moja la kukumbuka: mota nyingi maana yake ni mota nyingi za kuharibika. Utabadilisha beringi mara nyingi zaidi. Ulichonunua ni kuokoka mota moja ikizima, na kuzima zitazima tu.

8. Yangu ina mota sita, mota moja ilikufa, ikaanguka vilevile. Si mlisema sita ni salama?

Uliruka na mzigo gani? Tupige hesabu pamoja.

Chukua droni ya mota sita yenye uzito wa kilo 9, kila mota ikiweza kusukuma kilo 3 ikikamuliwa mwisho. Ikisimama hewani kila mota inabeba kilo 1.5, nusu ya uwezo wake. Moja ikifa na ya upande wa pili ikipunguzwa, mzigo unabaki kwa mota nne: kilo 2.25 kila moja. Bado kuna robo tatu za kilo kwa kila mota za kusawazishia droni upepo ukivuma. Itashuka salama.

Sasa ongeza kilo 3 za dawa ya michungwa kule Muheza. Uzito ni kilo 12. Mota nne zilizobaki zinatakiwa kubeba kilo 3 kila moja, yaani uwezo wake wote. Hakuna kilichobaki cha kusawazishia. Upepo mdogo tu, au betri ikishuka nguvu kidogo, na droni iko chini. Rudufu uliyoinunua uliila kwa mzigo. Kabla ya kuruka na mzigo mpya gawanya uzito wote kwa mota nne, si kwa sita, uone kama kila mota inabaki na angalau robo ya nguvu yake.

9. Betri mbili nizifunge vipi?

Zifungwe sambamba, kila moja ikiwa na plagi yake na waya wake hadi kwenye bodi ya kugawia umeme, na kila moja iweze kuibeba droni peke yake mpaka itue. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Droni inayokula ampea 80 ikisimama hewani, ukiipa betri mbili ambazo kila moja inatoa ampea 50, huna rudufu. Una betri moja iliyokatwa vipande viwili.

Usiunganishe iliyojaa na iliyotumika. Betri ya seli sita iliyojaa ina volti 25.2, iliyochoka inaweza kuwa chini ya 22. Ukiziunganisha, iliyojaa inamwaga umeme ndani ya mwenzake kwa nguvu inayoweza kuyeyusha plagi au kuwasha moto. Zichaji pamoja, zitumie pamoja, zizeeke pamoja, na uziandike namba ili zisiachane.

Kompyuta ya droni nayo ipe njia mbili za umeme. Bodi nyingi za familia ya Pixhawk zina matundu mawili ya kupokea umeme, na kwenye droni tunazoletewa moja kwa kawaida liko tupu. Kulijaza ni rudufu ya bei rahisi kuliko zote zilizotajwa kwenye ukurasa huu.

10. Spidi kontrola nne kwenye bodi moja zina ubaya gani?

Spidi kontrola ni kile kifaa kinachoipa mota umeme na kupanga kasi yake, kila mota na chake. Zikiwa nne kwenye bodi moja ni nyepesi na nadhifu. Ila shoti moja inaziondoa zote nne. Kwa droni ya mashindano sawa, kwa droni inayopita juu ya watu hapana.

## Vihisi na kompyuta

11. Kompyuta yangu ina IMU tatu ndani. Nimemaliza?

Hujamaliza, lakini umeanza vizuri. Bodi za Cube, kwa mfano, zina IMU mbili zilizowekwa juu ya sponji ya kupunguza mtikisiko na ya tatu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bodi. Tofauti hiyo ya ufungaji ina maana: mtikisiko unaozisumbua zile mbili unaweza kutoisumbua ya tatu, na kinyume chake.

Hata hivyo zote zimo kwenye sanduku moja, juu ya fremu moja. Propela iliyopasuka ncha inazitikisa zote. Ukifungua kumbukumbu za safari za ArduPilot utaona mtikisiko kwa kila IMU. Chini ya mita 30 kwa sekunde mraba uko salama. Ukipita hapo anza kutafuta sababu, na ukifika 60 matatizo ni karibu ya uhakika. Tumeona IMU tatu zilizozidi zote kwa pamoja, sababu ikiwa ni skrubu moja ya mota iliyolegea. Rudufu haikosi kazi hapo, ila imepewa kazi isiyo yake.

12. Kwa nini dira inagoma nikiruka karibu na bandari?

Kwa sababu ya chuma. Gati lina nondo, kreni ni chuma, meli na tishari ni chuma, na dira inasoma sumaku yote hiyo. Ukiisanifisha dira (kuipima upya ili isome sawasawa) ukiwa umesimama juu ya zege lenye nondo, umeifundisha kosa. Sogea kwenye mchanga au nyasi, weka simu na funguo mbali, ndipo usanifishe.

Dira ya pili inasaidia ikiwekwa mahali tofauti na ya kwanza. Ile iliyo ndani ya kompyuta iko karibu na nyaya za betri, na kila ukiongeza kasi ya mota umeme kwenye nyaya hizo unatengeneza sumaku yake. Ya nje ipandishe juu ya mlingoti mfupi pamoja na GPS. Zikipishana wakati unaongeza kasi ya mota, ya ndani ndiyo ya kuzima kwenye mipangilio. Dira mbovu iliyoachwa imewashwa ni shahidi wa uongo kwenye ile kesi ya swali la 4.

13. GPS mbili zinanilinda na nini?

Zinakulinda na kifaa kufa, waya kukatika, plagi kushika kutu, au antena moja kuzibwa na kamera. Haziwezi kukulinda na anga lenyewe. Zote mbili zinasikiliza setilaiti zilezile.

Na anga la kwetu lina tabia yake. Ukanda wa ikweta, saa chache baada ya jua kuzama, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme huvurugika na mawimbi ya setilaiti hupepesuka, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na zaidi katika miaka jua linapochemka. Mpiga picha anayesubiri mwanga wa magharibi pale Raskazone asishangae GPS zote mbili zikianza kutangatanga kwa pamoja giza linapoingia. Hapo rudufu ya kweli ni kitu cha aina nyingine: kamera inayotazama chini, au rubani anayejua kurusha bila GPS. Jifunze kurusha hivyo mchana, uwanjani, kabla hujahitaji.

14. Nikiweka kompyuta mbili nzima si nitakuwa salama zaidi?

Inategemea zina programu gani ndani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya kwanza ya Ariane 5 ililipuka sekunde takriban 40 baada ya kuruka. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupimia mwendo, kimoja kikiwa kazini na kingine kikisubiri. Programu yake ilitoka kwenye Ariane 4, na mahali fulani ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ndogo. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, namba ikafurika. Kifaa cha akiba kikafa kwanza, kile kilichokuwa kazini kikafuata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa kosa lilelile. Viwili, vizima kwa upande wa umeme, vikiwa na ujinga mmoja.

Wajenzi wa ndege kubwa wanalijua hilo. Airbus A320 ina kompyuta za urukaji za aina mbili, zenye chipu tofauti na programu zilizoandikwa na timu tofauti. Kwa droni ya karakana, gharama na uzito wa kufanya hivyo hauna maana. Sisi hatuwashauri wateja kununua kompyuta ya pili. Fedha hiyo ina kazi bora zaidi, tazama swali la 21.

15. Ile ndege ya Ethiopia iliyokuwa inakuja Nairobi mwaka 2019 inahusiana na haya?

Inahusiana sana. Boeing 737 MAX ilikuwa na vihisi viwili vya kupima pembe ya pua dhidi ya hewa, kimoja kila upande. Lakini mfumo ulioitwa MCAS, uliokuwa na uwezo wa kuisukuma pua chini wenyewe, ulisoma kimoja tu. Kihisi hicho kilipotoa taarifa ya uongo, mfumo uliiamini. Lion Air ya Indonesia ilianguka tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189, na Ethiopian Airlines ET302 ikaanguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua 157.

Kihisi cha pili kilikuwepo. Hakikuulizwa. Kagua mipangilio ya droni yako: mara nyingi GPS ya pili imefungwa na taa yake inawaka, lakini kwenye programu imezimwa.

## Mambo ya pwani yetu

16. Chumvi inaharibu nini hasa?

Inaharibu plagi, na huanza kimyakimya. Chomoa plagi ndogo ya waya wa GPS kwenye droni iliyofanya kazi miezi kadhaa Pangani au Mwambani, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona unga wa kijani kwenye pini, mwembamba, upande ule unaotazama chini. Droni inawaka, GPS inasoma, kila kitu sawa. Ukiutikisa waya kwa kidole, GPS inapotea na kurudi. Hewani mtikisaji ni mota.

Kama GPS zote mbili zimefungwa sawasawa, zimeelekea sawasawa na zilinunuliwa siku moja, unga huo uko kwenye zote mbili. Hapo ndipo hesabu ya swali la 5 inapokuumbua. Dawa yake ni nafuu: spiriti safi na brashi laini kwenye plagi, rangi ya kinga kwenye bodi, nyaya zielekezwe ili maji yachuruzike mbali na plagi, na ubadilishe waya wa kifaa kimoja mapema kuliko wa mwenzake ili visizeeke pamoja.

Beringi za mota zungusha kwa mkono kila baada ya kazi ya ufukweni. Ukihisi mchanga, mota hiyo itoke.

17. Upepo wa kusi unahusiana vipi na rudufu?

Upepo unakula ile nguvu ya ziada tuliyoihesabu swali la 8. Mota sita zinazoweza kushuka na mota iliyokufa asubuhi palipotulia, alasiri ya kusi kali zitashindwa, kwa sababu sehemu ya nguvu inatumika kupigana na upepo. Kazi za juu ya watu zipangwe asubuhi, na mzigo upungue msimu wa kusi.

## Mambo yakiharibika kabisa

18. Parachuti si inamaliza yote haya?

Parachuti ni nzuri na tunaipenda, kwa sababu haishirikiani na mota wala vihisi, ikiwa tu ina betri yake na kichocheo chake. Ikichochewa na kompyuta ileile iliyokufa, umepoteza fedha.

Nayo hufeli. Mwaka 2019 droni za kusafirisha sampuli za hospitali kule Uswisi zilipata ajali mbili. Mwezi Januari moja ilishuka kwa parachuti kwenye Ziwa Zurich baada ya hitilafu ya umeme upande wa GPS, kama ilivyopangwa. Mwezi Mei nyingine ilifungua parachuti, kamba ikakatika, ikaanguka msituni jirani na watoto waliokuwa wakicheza. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo tunapofunga parachuti tunapitisha kidole kwenye kila ukingo ambao kamba inaweza kuugusa.

Pia inahitaji kimo ili ifunguke. Ukiwa mita 10 juu ya ukumbi haikusaidii.

19. Rimoti ikikatika mawasiliano, droni inafanya nini?

Inafanya ulichoiambia kabla ya kuruka. Wengi huichagulia irudi ilikopaa. Tanga ni waja leo warudi leo, na droni nayo tunataka irudi leo, lakini angalia inarudi kwa kimo gani. Kwenye ArduPilot kimo cha kurudi cha kiwandani ni mita 15. Mnazi mrefu unafika mita 25, wengine hadi 30. Droni inayofanya kazi chini ya mita 15 ufukweni itapanda hadi mita hizo 15 kisha iingie kwenye makuti kwa uhakika kabisa, bila kosa lolote la kiufundi. Weka kimo kinachozidi mti na mnara mrefu kuliko yote kwenye eneo lako.

20. Naruka kutoka kwenye boti. Kuna la ziada?

Lipo. "Nyumbani" kwa droni ni pale ilipopaa. Boti imesogea, nyumbani kwa droni ni maji matupu. Tumia programu inayosogeza nyumbani kufuata rimoti yako, au ichague isimame hewani badala ya kurudi, ili upate muda wa kuifikia. Usanifishaji wa dira ufanyike nchi kavu (swali la 12).

## Fedha, sheria na majaribio

21. Nina fedha kidogo. Nianzie wapi?

Kwanza propela nzuri zilizosawazishwa, plagi safi na betri ambazo hazijavimba. Hizi si rudufu, lakini bila hizo rudufu inapoteza muda. Kisha njia ya pili ya umeme ya kompyuta. Kisha GPS ya pili yenye dira, iliyofungwa kwa waya mwingine na upande mwingine. Kisha kompyuta yenye IMU tatu. Mota sita au nane zinakuja ukibadilisha fremu. Parachuti ije kabla ya hayo yote kama unaruka juu ya watu, na mwisho kabisa kama unaruka juu ya mkonge.

22. Nikiwa na mifumo rudufu, bado nahitaji kibali?

Ndiyo. Usajili na kibali vinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na idhini ya upande wa ulinzi inahusika pia. Hapa Tanga kuna uwanja wa ndege mjini, bandari, na eneo la bomba la mafuta Chongoleani. Yote hayo uliza mapema. Kwenye maombi eleza mfumo wako utafanya nini kila kitu kikifeli kwa zamu, si orodha ya vifaa tu.

23. Nitajuaje inafanya kazi bila kuiangusha?

Ua kitu kimoja kimoja. Anza kwenye programu ya kuigiza ya ArduPilot kwenye kompyuta yako: humo unaweza kuzima mota au GPS katikati ya safari na kutazama kinachotokea, bure. Kisha mezani, propela zikiwa zimetolewa, washa droni na uchomoe GPS ya kwanza. Programu ya kituo cha chini inapaswa kutoa onyo na ya pili ishike. Irudishe, chomoa ya pili. Chomoa njia moja ya umeme: kompyuta isizime wala kujiwasha upya. Fanya hivyo kila baada ya matengenezo, kwa sababu fundi anayefungua droni huenda akarudisha waya mahali pasipo pake.

Jaribio la kuzima mota hewani lifanyike uwanja mtupu wenye nyasi, chini sana, na mwenye droni awe amekubali kwa maandishi.

24. Rudufu inaweza kuongeza hatari?

Inaweza. Kila kifaa kina uzito, waya, plagi na mipangilio. Uzito unakula nguvu ya swali la 8, na mipangilio inaweza kukosewa. Tulipokea droni ambayo dira yake ya tatu, iliyoongezwa "kwa usalama", ilifungwa ikiwa imegeuka nyuma. Ilikuwa ikiruka vizuri kabla ya kuongezwa.

25. Vihisi vyote vinakubaliana, hakuna onyo, ila droni inapanda na kushuka yenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu vyote vimedanganywa na kitu kimoja. Vipima kimo vya hewa husoma shinikizo, na kama viwili vimo kwenye sanduku lilelile, upepo unaoingia kwa tundu moja unavibana vyote sawasawa. Vingine pia hubadilika vikipigwa na mwanga mkali wa jua moja kwa moja, na droni ikigeuka kivuli kinahama. Kura inapigwa, wote wanakubaliana, na wote wamekosea. Funika vihisi hivyo kwa kipande cha sponji nyeusi inayopitisha hewa, ziba tundu linalotazama mbele, kisha rusha tena mahali pa wazi ukilinganisha kimo cha hewa na cha GPS kwenye kumbukumbu za safari.